Bwana Hataza na Vitambaa vya Al-Hamra

Wanjiru, fundi mwenzenu, ndiye aliyeniponza. Wiki tatu kabla sijakabidhi funguo za karakana alinijia na daftari jipya, akalitupa juu ya meza yangu ya kazi, akasema, "Mzee Seif, wewe unaenda zako Unguja. Sisi unatuachia nini? Andika." Nikamwambia mimi fundi wa vioo, mambo ya kuandika siyawezi. Akasema, "Basi andika kama fundi." Wakenya hawa ukiwapa nafasi ya neno moja wanakujibu kwa matatu. Haya, nimeandika kama fundi. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini asijisumbue kusoma, maana hata mimi mwenyewe sikumbuki vizuri.

Nilifika Riyadh na cheti cha ufundi wa redio na televisheni, mashati mawili meupe, na jeuri. Jeuri ndiyo iliyotangulia kuisha. Karakana ilikuwa mtaa wa viwanda, bati juu, vumbi chini, na feni moja ya kusimama ambayo ilimpepea mtu mmoja tu, mkuu wa mafundi, mzee wa Mombasa aliyeitwa Ami Mwinyi. Hata Wahindi na Wafilipino walimwita Ami, wakidhani ndilo jina alilopewa na mamake. Asubuhi ya kwanza alinipa kiti na televisheni iliyokufa. Nikatoa bisibisi. Akanipiga kikofi cha mkono.

"Wataka kufungua nini? Wajua imefia wapi?"

"Haiwaki, Ami."

"Haiwaki hata mtoto aiona! Keti uitazame. Ukishajua yataka nini, niite."

Nikaitazama mpaka adhuhuri, nimenuna hadi masikio yanawaka. Kufika adhuhuri nikaona alama ya maji yaliyokauka kona ya chini, mkono wa kushoto, na juu yake duara hafifu. Kuna mtu alikuwa akiweka glasi ya chai juu ya televisheni yake. Nikamwita Ami Mwinyi nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika feni. "Haya, sasa shika bisibisi." Kazi ile iliisha kwa dakika ishirini.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Usiazime kibano cha mtu. Usitie spiriti mahali hujapachunguza kwa kikuza, kile kioo kidogo cha kutazamia vitu vidogo. Na sheria ya vitambaa, ambayo nyinyi vijana mmeicheka miaka yote, na leo mtajua imetoka wapi. Tulikuwa tukikata kanzu kuukuu vipande vipande, kila chombo na kitambaa chake. Ukishapangusia chombo namba tatu, unakitundika kitambaa kwenye msumari namba tatu, na hakishiki chombo chengine mpaka Alhamisi, siku ya kufua. "Uchafu wa huyu usimpelekee yule," akisema. Mimi niliona ni wasiwasi wa kizee.

Sasa nije kwa mtu niliyekusudia kumtaja, ijapokuwa jina lake silisemi. Viwanda havitoi ramani za vyombo vyao. Ukiwaandikia wanakujibu upeleke chombo kwa fundi wa wakala wao, na fundi wa wakala ndiye wewe. Ami Mwinyi alikuwa na njia yake. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa kwenye kompyuta kongwe akasoma hataza. Hataza ni ile hati anayopewa mvumbuzi kwamba wazo ni lake na asiigwe. Lakini apate kupewa, lazima alieleze wazo lake waziwazi, kwa michoro, na dunia nzima inaruhusiwa kusoma bure. Mle ndimo alimokuwa akitoa ramani zake. "Hichi ndicho kitabu chetu," aliniambia, "na wenyewe hawajui kama twakisoma."

Ikawa kila tukifungua hataza ya kioo, chini ya michoro tunalikuta jina lile lile la Kijapani. Kompyuta ya daktari wa Kisudani, yumo. Kamera ya mpiga picha za harusi, yumo. Saa ya mkononi, simu, kioo cha kuonyeshea mapigo ya moyo, yumo, yumo, yumo. Ami Mwinyi akampa jina la Bwana Hataza, na nyuma ya daftari lake akawa anaandika kila chombo alichomkutia. Orodha ilipojaza kurasa kumi akaacha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Seif, huyu si mtu mmoja. Hawa ni ndugu watatu, wafichana nyuma ya jina moja."

Na mimi nilikubali, maana akili yangu haikuweza kubeba jambo lile kwa mtu mmoja. Hebu fikirini. Kila kidoto mnachokiona kwenye kioo kina swichi yake, transista, imechorwa juu ya kioo chenyewe kwa utando mwembamba hata macho hayaoni. Kidoto kimoja kina tatu, ya nyekundu, ya kijani, ya buluu. Kioo cha simu yako kina mamilioni. Zote zinafunguka na kufunga mara makumi kwa sekunde na hakuna hata moja inayokosea zamu. Bwana Hataza alitumia maisha yake kwenye swichi hiyo tu: itandikwe kwa nini, ipoe vipi, isivuje umeme, isizeeke haraka. Siku nilipoelewa vizuri mchoro wake wa kwanza nilitoka nje nikasimama juani, Riyadh, mwezi wa saba, bila ya kofia. Subhanallah, nilisema. Halafu nikarudi ndani kwa sababu ya jua.

Ami Mwinyi alipomaliza muda wake akarudi Mombasa, akaniachia kikuza chake, misumari yake yenye namba na fungu la kanzu zake kuukuu za kukata vitambaa. Mimi nikapelekwa Jeddah kuwa mkuu wa mafundi saba, mwenyewe nikiwa wa saba. Tulitunza vioo vya kundi la kliniki: kliniki kubwa Al-Hamra, ghala la dawa Ruwais karibu kabisa na bahari, na kliniki nyengine Riyadh. Vioo vyote vilikuwa vya aina moja, vikionyesha namba za foleni na majina ya madaktari, na kule ghalani orodha ya dawa. Bosi wetu alikuwa muhandisi wa Kijordani, Abu Rami, mtu wa roho nzuri na mwoga kama sungura.

Vioo vya Al-Hamra vikaanza kufa. Mstari mweusi wa kusimama unatokea pembeni, kesho miwili, wiki ijayo kioo kizima ni mistari. Tulibadilisha, vikafa. Tukabadilisha tena, vikafa tena. Bibi mmoja alikaa saa nzima ukumbini, namba yake imejificha nyuma ya mstari mweusi, akaja akanigombeza mimi kana kwamba nimemficha kwa makusudi. Kila mtu alisema ni bahari, chumvi. Mimi nikauliza, mbona Ruwais, bahari iko mlangoni, vioo vizima? Wakarudia, chumvi.

Kiwanda nacho kilisema kosa ni la mafundi, kwamba hatujui kutunza. Kisha ikaja habari kwamba kuna mshauri wao mmoja, mzee aliyekwisha kustaafu, ameisoma ripoti ya kiwanda chake mwenyewe na hakuiamini. Anakuja kutazama kwa macho yake. Abu Rami akanisomea jina. Nikakaa chini. Alikuwa ni yeye! Jambo la kwanza lililonijia ni kumpigia simu Ami Mwinyi Mombasa. Akaniuliza, "Waja wangapi?"

"Mmoja, Ami."

"Wahesabu vizuri wakishuka."

Abu Rami hakuwa na mzaha. Alitukusanya sote saba kwenye chumba cha kazi, chini ya kliniki. "Sikilizeni. Akiandika kwamba kosa ni matengenezo, mkataba halas. Mkataba ukiisha, kafili aliyewadhamini hana haja na nyinyi." Akanyanyua mkono akaurusha mfano wa ndege inayopaa. Tulielewa. Ikama saba, vibali vyetu vya kuishi na kufanya kazi. Yusuf alikuwa na mke anayengojea kujifungua Tanga. Mzee Bakari alibakisha mwaka mmoja amalize nyumba yake. Na wote saba mimi ndiye niliyekuwa nikiwapangia kazi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nataka mlisome polepole. Vioo tisa vilivyokufa tulikuwa tumevipanga chumbani, vya kumwonyesha mgeni. Vilikuwa vichafu, vimejaa vumbi na ukoko wa kahawia pembeni, pale zinapoungana zile tepe za waya mwembamba na ukingo wa kioo. Sasa mimi nimelelewa Unguja. Kwetu mgeni akija unafagia hata nyuma ya kabati ambako hataingia. Mgeni mwenyewe ni Bwana Hataza! Nimwonyeshe vioo vyake katika hali ile? Nikawaambia vijana, "Yalla, spiriti, brashi, vitambaa. Nataka ving'are." Tukasugua kutwa nzima. Kila kioo na kitambaa chake, kila kitambaa na msumari wake, maana mazoea hayo hayakunitoka.

Tulipomaliza, Yusuf akajaribu kimoja kwenye umeme. Kikawaka. Akajaribu cha pili, kikawaka. Vyote tisa! Tulishangilia, tukapongezana, Abu Rami akatuletea kabsa, wali wa nyama ya mbuzi. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu, na mimi ndiye mkubwa wao, aliyejiuliza mgeni anakuja kutazama nini.

Alishuka mmoja. Mzee mdogo wa umbo, miaka sabini na kitu, koti la kijivu, kikuza chake kimefungwa uzi shingoni. Nilikuwa nimetayarisha salamu ya heshima kwa Kiingereza, ikanipotea yote. Nikamshika mkono kwa mikono miwili nikasema, "Karibu sana," Kiswahili kitupu. Akaniinamia. Kiingereza chake kilikuwa cha kupima neno moja moja, changu cha kukimbiza, tukakutana katikati. Alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kazi, akakaa sakafuni na vioo, akaniomba mimi ndiye niwe naye.

Siku ya kwanza alipima joto la ukumbi na unyevu, akauliza mlango unafunguliwa saa ngapi, nani anafuta vumbi, kwa maji gani. Alasiri akatoa daftari gumu, akaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa kalamu ya wino, akatia saini, akanigeuzia. "Soma. Ukielewa, saini hapa. Wewe shahidi." Nikamwambia mimi fundi tu, vipi nitamshuhudia yeye? Akanieleza kwamba tangu ujana wake hakuna ukurasa wake uliokosa shahidi. "Shahidi hasemi kwamba mimi nina akili," alisema. "Anasema siku hii, chumba hiki, kilichoandikwa ndicho kilichokuwapo." Hataza zake zote, kila moja niliyowahi kuisoma, chini yake kulikuwa na kurasa kama ule. Nikatia saini kwa fahari.

Siku ya pili alishika vioo. Aliinama na kikuza tangu saa mbili asubuhi. Adhuhuri ikapita, chakula kikapoa. Alikuwa akitazama ukingo, anageuza, anatazama tena, anarudi kile cha kwanza. Mara moja moja alijisemea neno kwa lugha yake. Mimi nimeshasoma kazi zake miaka na miaka, na sasa nilimwona anakitafuta kwa adabu zote, kwa subira zote, kitu ambacho mimi nimekipangusa kwa kitambaa. Nilitazama mgongo wake ule mwembamba, nikageuza uso. Abu Rami alikuwa amesimama mlangoni. Alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo: usithubutu.

Alasiri akaandika ukurasa. Akausaini, akanigeuzia. Kulikuwa na mstari unaosema vioo tisa vimechunguzwa vikiwa katika hali ile ile viliyoondolewa nayo ukutani, na hakuna uchafu ulioonekana. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamfikiria mke wa Yusuf. Nikaifikiria nyumba ya Bakari, bado haijaezekwa. Saini yenyewe ni nini, herufi nne na mkia. Lakini mtu huyu alikuwa ameniamini mimi kati ya wote chumbani.

"Siwezi kusaini," nikasema.

Akadhani ni lugha. "Kiingereza changu kibaya?"

"Kizuri. Ila si kweli." Sauti yangu sikuitambua. "Tulivisafisha. Mimi ndiye niliyeamrisha. Nilitaka uvikute safi."

Nyuma yangu nilimsikia Abu Rami akisema, "Ya Rabbi." Bwana Hataza alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti, upande mmoja, na wa pili. Kisha akauliza, "Kabla ya kusafisha, vilikuwa vimekufa?"

"Vyote tisa."

"Baada ya kusafisha?"

"Viliwaka."

"Vingapi?"

"Vyote tisa."

Akaruka! Wallahi mzee yule aliinuka sakafuni bila ya kushika kitu. "Vyote tisa!" akasema, akacheka, uso mzima umefunguka. "Basi ugonjwa hauko ndani ya kioo. Uko juu yake. Hilo mimi peke yangu ningelitafuta mwezi mzima." Akanishika mkono. "Mlisafishia nini? Viko wapi?"

Nikamwonyesha ukutani. Vitambaa tisa, misumari tisa, namba moja mpaka tisa, na Alhamisi ilikuwa bado. Alisimama mbele ya misumari ile ya Ami Mwinyi mikono imelala ubavuni, namna mtu anavyosimama msikitini. Akakitoa namba moja taratibu. Kitambaa cha kanzu nyeupe, katikati doa la kahawia. Akakinusa. Akanusa namba mbili, namba tatu. Akatuuliza, "Hii harufu gani?"

Tukanusa sote. "Harufu ipi?" Yusuf akasema.

"Hii! Tamu. Moshi."

Tukanusa tena mafundi wazima, Muunguja, Mtanga, Mjordani, kila mtu pua kitamba­ani, hakuna aliyesikia kitu. Akatushangaa, na sisi tukamshangaa. Mwishowe Abu Rami ndiye aliyepiga kipaji cha uso. "Udi!" Ilikuwa ni udi. Kila siku asubuhi na alasiri mzee wa ukumbini alipitisha chetezo kwa wageni, kisha akakiweka chini ya vioo, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu anapoelekeza uso. Sisi tumezaliwa ndani ya moshi huo. Nguo zetu, mito yetu, ndevu zetu. Kwetu ile haikuwa harufu, ilikuwa hewa tu.

"Lakini Riyadh pia wanafukiza udi," nikasema, "na vioo vizima."

"Riyadh kukavu," akasema. "Na Ruwais?"

"Ruwais bahari ipo. Udi hakuna. Nani afukize ghala?"

Tukatazamana. Akasema tusikisie, tuulize vyombo vyenyewe. Nikaleta makopo matatu ya biskuti. Ndani ya kila moja tukatia kipande cha ukingo wa kioo chenye tepe zake, tukakiunga umeme mdogo. Kopo la kwanza lilipata moshi wa udi peke yake. La pili lilipata kitambaa kibichi cha maji ya bahari peke yake. La tatu vyote viwili. Mkaa niliwasha mimi, chetezo nilikiazima kwa mzee wa ukumbini, aliyetaka kujua kwa nini tunafukiza mabati badala ya watu. Bwana Hataza alikohoa mpaka akatokwa na machozi, na hakukubali kutoka.

Siku ya tatu tukafungua. La kwanza, salama. La pili, salama. La tatu likawa limekufa. Bwana Hataza akavua kikuza shingoni, na badala ya kukitia jichoni mwake akanipa mimi. "Tazama wewe kwanza," akasema. Nikatazama. Kati ya waya na waya, juu ya ule utando wa udi uliolowa chumvi, vilikuwa vimeota vijinyuzi vya metali, vyembamba kuliko unywele, vyenye matawi, vinang'aa. Umeme ulikuwa ukivuka hapo. Brashi moja ya spiriti inavifagia vyote na kioo kinafufuka, kisha vinaota tena. Sijaona kitu kizuri kama kile katika kazi yangu yote, na kilikuwa ni ugonjwa. Nikalia. Nimesema nitaandika kweli, basi nililia, na Yusuf ni shahidi.

Lakini narudi nyuma kidogo, kwenye ukurasa ule wa siku ya pili, kwa sababu huo ndio uliokaa na mimi. Mimi ningeuchana. Yeye alichukua rula, akaupiga ule mstari usio wa kweli mstari mmoja mwembamba wa wino, ili uendelee kusomeka. Pembeni akaandika sahihisho, akasaini, akanipa nikasaini. "Kosa halifutwi," akaniambia. "Likifutwa, kesho nitalirudia." Kisha akanitazama, akafikiri, na chini kabisa ya ukurasa akaandika mstari mmoja wa Kijapani. Akafunga daftari.

Mstari ule ulinitesa. Aliniangalia kwanza, kisha akaandika, kwa hiyo ulikuwa unanihusu. Nilijiambia ameandika, fundi huyu haaminiki. Nilijiambia ameandika jina langu apelekewe kafili. Siku ya kuondoka alinipa nakala ya ukurasa, akisema shahidi ana haki ya nakala, na hata hapo, uwanja wa ndege, sikuthubutu kumuuliza. Niliyefungua mdomo mbele ya ikama saba niliufunga mbele ya mstari mmoja.

Mkataba ulibaki. Chetezo kilihamishiwa mlango wa nje, kingo za vioo zikapakwa utando alioubuni yeye aliporudi kwao, na humo pia yumo. Mke wa Yusuf akajifungua, nyumba ya Bakari ikaezekwa. Abu Rami alininunia miezi mitatu kwa kutomtii, mpaka kiyoyozi cha nyumbani kwake kilipoharibika. Ami Mwinyi nilipomweleza habari ya misumari kwenye simu akasema, "Mwambie kanzu zile zilikuwa zangu."

Mwaka jana Abu Rami, naye amestaafu yuko Amman, alinipigia. "Rafiki yako amefariki," akasema. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilikaa kwenye karakana, hapa Riyadh walikonirudisha, na kila kona niliyotazama palikuwa na kioo kinachowaka.

Sasa Wanjiru. Wiki iliyopita alinikuta napanga karatasi zangu, nakala za ikama zote, na katikati yake ukurasa ule. Nikamsimulia, kama nilivyowasimulia nyinyi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na huu mstari wa chini unasema nini?"

"Sijui."

"Miaka yote hii?"

"Niliogopa, binti yangu."

"Aki Mzee Seif," akasema, na hakunicheka. Akatoa simu yake, akaielekeza juu ya ukurasa, kamera imefunguliwa. Siku hizi simu inasoma lugha yoyote inayoonyeshwa, mnajua nyinyi. Herufi za Kijapani zikatikisika kwenye kioo kile, kioo chenye mamilioni ya zile swichi zake, zikafunguka na kufunga, na mahali pake yakaja maneno ya Kiswahili.

*Leo mimi sikuvumbua kitu. Fundi alisema kweli.*

Wanjiru alitaka kuishusha simu. Nikamshika mkono, nikamwambia aishike hapo hapo, bado nasoma.